Koti la Daktari

Jumatatu ile, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Kibiriti alikuwa akipiga mswaki mlangoni mwa bafu alipoona kwamba koti la marehemu kaka yake limepanda. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa sebule kwa miaka miwili, na pindo lake siku zote lilifika kwenye mkwaruzo uliofanywa na baiskeli ya baba. Sasa lilikuwa juu ya mkwaruzo kwa vidole vinne. Akatema povu, akasuuza mswaki, akaenda kulitazama kwa karibu. Yeye ni mtu wa cherehani, na mtu wa cherehani hawezi kupita mbele ya pindo lililobadilika akajifanya hajaliona.

Halikuwa limesinyaa. Lilikuwa limefumuliwa pindo na kupindwa upya kwa mkono, kwa uzi wa pamba ule ule mweupe, mishono midogo iliyolingana kama punje za mchele. Kibiriti akapitisha kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho na hakukuta kosa.

Akamwambia mama yake. Mama, aliyekuwa akifunga kilemba tayari kwenda kazini, akasema pamba nzuri ndiyo tabia yake, na kwamba chai imo kwenye chupa.

Huyu mama alikuwa dobi wa hospitali. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipiga pasi makoti meupe ya watoto wa watu wengine, sitini kwa siku, na kila alipomaliza moja alilitundika na kulitazama kidogo kabla ya kushika jingine. Ndiyo maana mwanawe wa kwanza aliitwa Daktari kabla hajaota meno. Mtaa mzima ukamwita hivyo, na mwenyewe akaona hakuna haja ya kubishana na mtaa. Akakua akawa kijana wa futi sita na inchi moja, mpole, mvivu wa kufagia, na akaenda kusomea udaktari kama mtu anayekwenda kuchukua mzigo wake aliouacha stesheni. Mwaka wa tatu ikazuka homa wodini. Glovu zilikuwa zimeisha stoo wiki mbili nyuma, yeye akasema mgonjwa haambiwi asubiri glovu, na siku ya kumi na moja akafa. Mkuu wa chuo aliandika barua nzuri sana. Koti likarudishwa ndani ya mfuko wa nailoni, mama akalifua mwenyewe, na siku hiyo akapiga pasi makoti sitini na moja.

Aliyebaki ni binti, kitindamimba, miaka kumi na saba, futi nne na inchi kumi na moja kwa kiatu. Kibiriti walimwita kwa ufupi wake na kwa namna alivyowaka ukimsugua vibaya. Tangu ana miaka tisa, akitoka shule, alikuwa akipitia kwenye duka la Mama Mdogo, mdogo wake mama, fundi wa nguo za kike mwenye cherehani tatu na ulimi mmoja uliotosha cherehani zote. Hapo ndipo Kibiriti alipokuwa mtu. Aliweza kumtazama mwanamke anayevuka barabara na kutaja nyonga zake bila futi, akakosea kwa nusu inchi, na hiyo nusu inchi mara nyingi ilikuwa ya vitu mfukoni. Wateja wanene na wateja waliokonda walimtaka yeye, kwa kuwa hakuwahi kumshonea mtu nguo ya kumsuta.

Sasa shule ilikuwa imeisha, na matokeo yake ya baiolojia yalikuwa mazuri. Angefeli, hadithi hii isingekuwepo. Fomu ilikuwa na visanduku viwili. Chuo cha utabibu kilikuwa tayari kumpokea kwa alama zake, na chuo cha ushonaji kilikuwa kimeyaona magauni yake matatu na kumwandikia kwamba nafasi ipo, aje na mkasi wake mwenyewe. Mwalimu wa ushauri alimwambia mshika mbili moja humponyoka, achague, asainiwe na mzazi kwa wino wa bluu, airudishe Ijumaa kabla ya saa sita. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Kibiriti aliwaambia wazazi wake kwamba amechagua ushonaji. Baba akasema tutaona. Mama akaondoa vyombo. Na Jumatatu koti likapanda.

Jumanne mikono ya koti ilipungua kwa inchi tano. Jumatano mabega yaliingia ndani, na kifuani pakawa na mikunjo miwili ya kike, imekaa mahali pake hasa. Baba, aliyekuwa msoma mita za maji na mtu wa kuamini namba, alileta rula yake, akapima, akaandika kwa penseli ukutani kando ya mlango, kisha akatoa taarifa yake mezani.

"Linakutafuta wewe," akamwambia bintiye, akapaka mkate siagi.

Majirani walipita kuliona. Wa nyumba ya mbele alisema hata kwao kuna kofia ya babu iliyohama kichwa, na mwingine akataka kujua kama koti linaweza kufanya kazi ya nje, maana ana pazia. Walikunywa chai wakaaga. Asubuhi ile ya Jumatano mama alikula yai zima. Kwa miaka miwili alikuwa akila nusu, nusu nyingine akiifunika kwa sahani, hakuna aliyeuliza kwa ajili ya nani. Kibiriti aliliona lile yai likiisha, na akajua kwamba unaweza kugombana na koti lakini huwezi kugombana na yai.

Hata hivyo alijaribu. Alimsubiri baba atoe baiskeli.

"Baba, mimi sitaki udaktari."

Baba akaminya tairi la nyuma kuona kama lina upepo. "Nani amekulazimisha, mwanangu? Hakuna aliyesema neno humu ndani. Hilo ni koti tu."

Na ilikuwa kweli. Katika nyumba ile hakuna aliyemwambia kitu, si Jumapili, si Jumatatu, si siku yoyote. Laiti wangepiga kelele, angewaka, na wangeyamaliza. Akasimama pale uani na hasira yake mkononi, hana pa kuitua.

Basi akalikunja koti, akalitia kwenye mfuko, akalipeleka dukani. Mama Mdogo alivaa miwani, akaligeuza nje ndani, akalipitia mshono kwa mshono. Ndani mlikuwa na kitambaa chote cha zamani, kimekunjwa tabaka kwa tabaka na kulazwa vizuri. Hakuna kipande kilichokatwa.

"Huyu fundi ana adabu," akasema. "Hajatia mkasi kwenye kisicho chake. Angekuja hapa ningempa kazi leo leo."

Kisha akavua miwani na kumtazama mpwa wake, na sauti ikabadilika. Akamwambia nguo ya kuazima haisitiri matako, na nguo ya marehemu ndiyo kabisa. Kama koti linataka kupungua, wao watalirudisha kwenye vipimo vya mwenyewe, na safari hii watalifunga.

Kufunga nguo ilikuwa kazi ya duka lile peke yake. Mama Mdogo aliianzisha kwa ajili ya wateja wasumbufu, wale wa leo niachie kidogo, kesho nipunguzie, keshokutwa niachie tena. Uzi ulipitishwa kwenye nta ya nyuki mara tatu, mshono ukapigwa mistari mitatu, wa pili ukirudi juu ya wa kwanza na wa tatu ukiwashika wote wawili, halafu kitambaa cha akiba kilichobaki ndani kikakatwa kabisa. Nguo iliyofungwa haibadiliki tena. Mteja alipouliza itakuwaje akinenepa, Mama Mdogo alimjibu kwamba kuanzia leo shauri lako wewe na mwili wako. Wengi walikonda.

Walifungua daftari la vipimo kwenye ukurasa wa Daktari. Mama Mdogo ndiye aliyemshonea koti lile, siku alipopokelewa chuoni, na namba zilikuwa pale pale kwa penseli: bega, kifua, mkono, urefu. Alhamisi walifunga mlango wa mbele, wakaandika kwamba fundi yupo lakini hayupo, wakafanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Kibiriti alifumua kwa wembe bila kugusa kitambaa hata mara moja. Alinyoosha, akapiga pasi, akachora kwa chaki, akashona. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua hivyo wakati akiifanya. Alipomaliza mistari mitatu ya bega la kulia Mama Mdogo aliuvuta mshono kwa nguvu zake zote, akashindwa, akacheka kwa furaha. Akiba ikakatwa. Vipande vikaenda kwenye kapu la matambara.

Jioni Kibiriti alilitundika koti mahali pake. Pindo likafika kwenye mkwaruzo. Mama alirudi kutoka kazini, akalitazama, akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko mapishi yalivyohitaji. Chakula cha binti kilikuwa kimewekwa mezani, kimefunikwa vizuri, na hakuna aliyenuna. Ndiyo nyumba yenyewe ilivyokuwa.

Ijumaa asubuhi koti halikuwa limesogea hata nywele. Kibiriti alilipima mara mbili kwa futi. Akachukua fomu, akanyoosha mkono juu ya kabati ilipokaa kalamu ya bluu, akaishika, akakaa mezani, akaweka alama kwenye kisanduku cha ushonaji. Alikuwa amekwisha kuandika tarehe ndipo alipokumbuka kwamba kalamu ile siku zote huichukua akiwa juu ya kigoda.

Akasimama. Gauni lake, lililofika katikati ya muundi jana, lilikuwa juu ya magoti. Akaenda mlangoni, akajisimamisha kando ya namba za baba ukutani, akaweka kidole utosini. Alikuwa amekua inchi nne.

Mtu mwingine angeshangaa. Yeye alikuwa fundi, na aliielewa kazi ile papo hapo. Koti lilikuwa likimfuata polepole, kwa adabu, likijipunguza kidogo kidogo bila kukata kitu. Sasa lilikuwa limefungwa, haliwezi kuja. Kilichobaki ni yeye kwenda.

Baba alipofika mezani alimtazama kuanzia chini hadi juu. "Umekua," akasema, na kwa kuwa ilibidi kusema neno la mzazi, akaongeza kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Fomu hakuisaini. Akasema wangoje kwanza waone anaishia wapi. Alikwenda mwenyewe shuleni kuomba muda hadi Jumatatu, na mwalimu wa ushauri akakubali bila shida, kwa sababu ukurasa wa pili wa fomu ulikuwa na sehemu ya kujaza kimo.

Kibiriti alikimbia na koti dukani, na njia aliyozoea kuitembea kwa dakika kumi na tano ilimchukua nane. Walijaribu kulifumua koti. Wembe wa kwanza ukakatika, wa pili ukakatika, wa tatu ukamkata Mama Mdogo kidole. Nta ilikuwa imeshika, na mistari mitatu ilikuwa imelala mmoja juu ya mwingine jinsi ilivyofundishwa. Wangeweza kulichana koti lenyewe, na Kibiriti akaomba wafanye hivyo. Mama Mdogo akashika mkasi mkubwa. Akauweka kwenye pindo, akauacha pale, kisha akauweka chini. Akasema dada yake amelipiga pasi koti hili kila Jumapili kwa miaka miwili, na yeye hana mkono wa kulikata.

"Tulilifunga vizuri mno," akasema, akanyonya damu kidoleni. "Kosa ni langu. Ningekuwa fundi mbovu ungepona."

Jumamosi asubuhi alikuwa futi tano na inchi tisa. Akaja dukani hivyo hivyo, kwa sababu kulikuwa na sare za kwaya za kumaliza, akashika mkasi wake. Kidole gumba hakikupita. Alikisukuma kikapita, kikakwama, na Mama Mdogo akakitoa kwa sabuni. Wakatafuta mkasi wa turubai, mkubwa, ule wa kukatia vifuniko vya malori. Akakata nao kola moja. Ilitoka imepinda, kola ya kwanza iliyopinda maishani mwake, na wote wawili wakaitazama juu ya meza. Akajaribu sindano, lakini vidole vilikuwa vipana, vya mtu wa kushika mapigo ya moyo, na uzi ulipita pembeni ya tundu mara tisa. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti yake ile ile ndogo, ikitoka mahali palipokuwa juu sana sasa, na Mama Mdogo ilibidi apande kwenye kigoda ili amshike kichwa.

"Vidole vitazoea," Mama Mdogo akamwambia. "Tutaanza upya. Mapazia kwanza."

"Na nguo za watu?"

Mama Mdogo akashuka, akamtungia uzi, akampa leso aipinde, na pindo likatoka limepinda.

Jumapili alifika futi sita na inchi moja, akasimama hapo. Hakuna gauni lake lililopita mabegani. Viatu vyake vilikuwa vya mtu mwingine, mtoto fulani aliyewahi kuishi humo. Akakaa kitandani amejifunga shuka hadi mama alipobisha hodi, akaingia na suruali ya kaka yake, shati la kaka yake na viatu vya kaka yake, vyote vimefuliwa, na juu ya vyote koti. Hakusema vaa. Aliviweka kwenye kiti akatoka, akaurudisha mlango taratibu.

Kibiriti alivitazama kwa muda wa saa nzima. Alivaa suruali na shati. Akaacha koti. Halafu kukawa na baridi kidogo, baridi ya kawaida tu ya asubuhi yenye mawingu, na hakuwa na sweta linalomwenea.

Lilimkaa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba lilimkaa kuliko nguo yoyote aliyowahi kuivaa, bega pale bega linapokwisha, mkono hadi kwenye kifundo, bila mkunjo mgongoni. Alijigeuza mbele ya kioo na kama fundi hakuwa na la kurekebisha. Alipotoka sebuleni mama alikuwa amekwisha kuandaa yai. Akamtazama mwanawe mlangoni, akaketi, akacheka kidogo kwa mdomo uliofungwa, kama mtu aliyepata ufunguo alioutafuta kwenye mfuko ule ule alioanza nao. Kibiriti akala. Njaa yenyewe ilikuwa kubwa kuliko yake.

Mwalimu wa ushauri alitoa fomu mpya bila kuuliza. Baba alisaini kwa wino wa bluu. Alama kwenye kisanduku aliiweka Kibiriti mwenyewe, kwa mkono wake, na hakuna aliyekuwa amesimama nyuma yake. Kwenye sehemu ya kimo aliandika kimo. Kwenye sehemu ya sababu za kuchagua fani hii palikuwa na mistari minne, akaiacha mitupu, na fomu ikapokelewa.

Wiki zile za kungoja alizoea mengi. Alizoea kuinama milangoni. Alizoea kuulizwa barabarani, Daktari, umerudi lini, na kujibu nimerudi juzi, kwa sababu maelezo yalikuwa marefu na watu wana shughuli zao. Mteja mmoja mnene, ambaye gauni lake lilikuwa limeshonwa nusu, alikuja hadi nyumbani kumuulizia Kibiriti. Mama akamwambia kwa upole kwamba amekua. Mteja akasema watoto ndivyo walivyo, akaenda kutafuta fundi mwingine.

Siku moja tu aliuliza jambo lililokuwa likimkereketa. Mama alikuwa anachambua mchele. Akamuuliza kama siku hizi glovu zipo. Mama akaendelea kuchambua, akatoa jiwe, akatoa jingine. Akasema amewauliza masista wa wodini, na wao wamesema huja, kisha huisha, kisha huja.

"Mwezi huu je?"

"Mwezi huu bado."

Siku ya kuondoka baba alifunga sanduku kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akalikaza kwa mpira wa tairi, akalijaribu kulia na kushoto. Mama Mdogo hakuja. Alituma kifurushi cha leso sita, na moja ilikuwa na pindo lililopinda, Kibiriti akajua ni ile ya kwake, aliyoishona Jumamosi ile kabla hajakubali. Akaitia mfukoni mwa koti. Mama alikuwa amesimama kwenye kizingiti na mwiko mkononi, sufuria ikinguruma nyuma yake, na alikuwa amenenepa kidogo mashavuni. Kibiriti alimwona amependeza, akampenda, akataka kumwambia kwamba yeye ndiye yule wa mwisho, yule mfupi, kwamba bado yumo humu. Lakini alihisi kwamba mama anajua, na kwamba kujua hakungebadilisha kitu, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Baba akashika usukani. Alikuwa mtu wa kuona haya kusema maneno ya namna hiyo, na akayasema akiitazama breki.

"Safari hii urudi."

"Nitarudi, Baba."

"Hata mara ile ulijibu hivyo hivyo," mama akasema, akaingia ndani kuepua sufuria.